Amri ya Saba na Chombo cha Mpasuaji

Alfajiri, jua likiwa bado halijachomoza, mama hushika kigae na kwenda kwa jirani kuomba moto. Jirani humpa kaa moja. Moto wa mama yule huwaka, na moto wa jirani haupungui hata kidogo. Ndiyo maana wazee hawakuuziana moto, na mtu aliyemnyima mwenziwe moto alihesabiwa kuwa mchoyo.

Maarifa hufanana na moto. Anayemfundisha mwenziwe kusuka kikapu hasahau kusuka. Basi mkatekumeni anayejifunza amri ya saba, ile inayokataza wizi, aweza kuuliza: Ikiwa maarifa hayapungui yakigawanywa, yawezaje kuibwa? Tena, serikali yawezaje kumpa mtu mmoja haki ya kuwakataza watu wote wasilifuate wazo lake?

Swali hilo si mchezo wa wenye elimu. Linagusa hospitali, kwa maana vyombo vingi vipya vya waganga vimezungukwa na haki za namna hiyo, na bei yake hufika mpaka kitandani pa mgonjwa. Ili jambo lieleweke vema, yafaa kukitazama chombo kimoja tu, kukichungua mwanzo wake, kisha kukipima kwa mizani ya amri ya Mungu.

Chombo chenyewe

Mpasuaji akiona kipande cha utumbo kimeoza, hukikata na kukitoa, kisha huziunganisha ncha mbili zilizobaki. Kazi hiyo ni ya hatari. Mshono ukivuja, uchafu wa utumbo humwagika ndani ya tumbo, na mgonjwa aweza kufa. Tangu zamani waganga walishona kwa sindano na uzi, na hata leo wengi hushona hivyo na kuwaponya watu.

Mwaka 1908, katika mji wa Budapest nchini Hungaria, mpasuaji Hümér Hültl alitumia chombo kipya alichokitengeneza pamoja na fundi wa vyombo aitwaye Victor Fischer. Chombo hicho kiliibana nyama ya mwili na kuichoma kwa safu za pini ndogo za chuma, nazo pini zilijipinda na kufunga kama herufi B. Kilikuwa kizito, zaidi ya kilo 3, na kukipanga kabla ya kazi kulichukua muda mrefu. Mwaka 1921 Mhungaria mwingine, Aladár Petz, alionyesha chombo chepesi zaidi. Mwaka 1951 Warusi walianzisha mjini Moscow chuo cha kutafuta vyombo vipya vya upasuaji, na mafundi wake wakatengeneza vibanio vya namna nyingi. Mwaka 1958 mpasuaji Mmarekani, Mark Ravitch, alisafiri katika nchi ya Warusi, akaviona vyombo hivyo, akarudi nyumbani na kimoja. Mwaka 1964 ilianzishwa Marekani kampuni iliyoviendeleza kwa kuziweka pini tayari ndani ya kikasha kidogo, ili mganga asipoteze wakati kuzipanga moja moja.

Vyombo hivyo vyote vilisukumwa kwa nguvu ya mkono. Mpasuaji hukamua mpini kwa nguvu, pini huingia, na kisu kidogo hupita katikati na kukata. Lakini mkono ukikaza sana, ncha ya chombo hutikisika, na ncha hiyo imo ndani ya mwili wa mtu. Kwa hiyo mafundi waliweka mota ndogo ndani ya mpini, na betri ya kuiendesha, yaani jiwe la umeme, ndugu wa yale ya tochi. Sasa mganga hubonyeza tu, na mota hufanya kazi ya misuli. Tangu miaka ya 1990 ofisi ya serikali ya Marekani imetoa haki nyingi kwa watu waliodai kwamba wamevumbua vibanio vya namna hii.

Haki inayoitwa hataza

Haki hiyo huitwa hataza. Wanaotumia Kifaransa huiita breve. Ni mapatano kati ya mvumbuzi na taifa. Mvumbuzi huandika waziwazi jinsi chombo chake kilivyo na jinsi kinavyotengenezwa, ili kila fundi apate kusoma na kuelewa. Taifa nalo humpa haki ya kuwakataza wengine wasikitengeneze wala kukiuza bila ruhusa yake. Haki hiyo ina mwisho. Katika Marekani, na katika nchi nyingi, ni miaka 20 tangu siku ya kuomba. Miaka ikiisha, chombo ni cha watu wote, kama kaa la moto.

Tena haki hiyo ina mipaka ya nchi. Hataza iliyotolewa Marekani haimfungi fundi wa Kongo kwa nguvu yake yenyewe. Kongo ina sheria yake juu ya mali ya viwanda, iliyowekwa tarehe 7 Januari 1982, na anayetaka ulinzi katika Kongo hana budi kuufuata utaratibu wa Kongo.

Si kila wazo hupewa hataza. Sheria huuliza maswali matatu. La kwanza: Je, jambo hili ni jipya? La pili: Je, lina uvumbuzi wa kweli, au fundi yeyote wa kawaida angelifikia bila taabu? La tatu: Je, lina faida katika kazi? Swali la pili ndilo gumu kuliko yote, nalo ndilo linalomhusu hasa Mkristo. Maana kuliuliza ni kuuliza hivi: Ni kipi hasa ambacho mtu huyu ameongeza, na ni kipi alichokipokea kwa wengine?

Mvumbuzi anastahili ujira

Jambo la kwanza la kushika ni hili: kazi ya akili ni kazi. Katika Kitabu cha Kutoka yasimuliwa habari za fundi Besaleli, ambaye Mungu mwenyewe alimjaza hekima na ustadi ili afanye kazi za dhahabu, fedha na shaba kwa ajili ya Hema Takatifu. Basi ustadi ni kipaji cha Muumba, wala anayeutumia hafanyi kazi iliyo chini ya ile ya mkulima mwenye jembe.

Mvumbuzi hukesha usiku. Hutengeneza chombo, kikamkatalia; hukivunja na kuanza upya. Hulipa mafundi na kununua chuma. Miaka hupita kabla hajapata hata mia moja. Mwishowe chombo kinapofanya kazi, tajiri asiyekesha wala kujaribu aweza kukinunua kimoja, akakifungua, akakiiga, na kukiuza kwa bei ndogo, kwa kuwa yeye hana gharama za kurudisha. Wazo halikupungua, ni kweli. Lakini miaka ya yule wa kwanza imepotea bila ujira. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba kumnyima mtenda kazi ujira wake wa haki ni dhambi kubwa. Na Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Centesimus Annus ya mwaka 1991, alionyesha kwamba siku hizi maarifa na ustadi vimekuwa mali, tena mali yenye thamani isiyopungua ile ya ardhi. Wahenga walisema: Chanda chema huvikwa pete. Kidole kilichofanya kazi nzuri na kivikwe.

Kwa hiyo anayeiba kazi ya mvumbuzi huvunja amri ya saba, hata kama hakuingia nyumbani kwake usiku. Jambo hilo lisisahauliwe kwa sababu ya maneno yanayofuata.

Lakini pete ni ya kidole kipi?

Wahenga walisema pia: Kidole kimoja hakivunji chawa. Kibanio chenye betri hakikuanguka kutoka mbinguni. Pini inayojipinda kama herufi B ilikuwako tangu mwaka 1908. Wepesi ulitafutwa mwaka 1921. Kikasha cha pini kilikuwako tangu miaka ya 1960. Na keekee ya kutobolea isiyo na waya, yenye betri ndani ya mpini, iliuzwa Marekani tangu mwaka 1961, tena kwa maseremala. Basi mtu akikichukua kibanio cha zamani, akakitia betri ya seremala, kisha akasema, “Mimi nimevumbua,” je, asema kweli?

Na iwe kwamba mhunzi wa kijiji hutengeneza majembe, na seremala hutengeneza mipini. Siku moja mtu mwingine atia mpini mrefu kidogo katika jembe, kisha aenda kwa chifu kuomba kwamba kila atakayelima kwa jembe lenye mpini mrefu amlipe kuku. Wazee watacheka. Watamwambia: “Jembe ni la mhunzi, mpini ni wa seremala, na urefu kila mtu aujua. Wewe wataka kuku kwa kazi gani?” Mtu huyo hakuiba jembe la mtu. Lakini ametaka kujitwalia kilichokuwa cha wote, na huo nao ni wizi, ingawa umevaa nguo za sheria.

Mahakama za Marekani zimekutana na neno hilo. Tarehe 30 Aprili 2007 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua shauri juu ya pedali ya gari. Mtu alikuwa amepata hataza kwa kuunganisha pedali ya zamani na kifaa cha umeme kilichojulikana. Mahakama ilisema kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana kwa njia inayojulikana, pasipo kupata zaidi ya kile ambacho kila fundi angekitazamia, hakustahili hataza. Siku chache baadaye, mwezi wa Mei 2007, mahakama nyingine ya huko iliamua vivyo hivyo juu ya mchezo wa kuwafundisha watoto kusoma: kuchukua chombo cha zamani cha mashine na kukipa umeme wa kisasa kulikuwa jambo la wazi kwa fundi wa siku hizo. Mashauri hayo hayakuhusu vibanio vya waganga. Lakini kipimo chake kinafaa sana kukipima kibanio chenye betri.

Je, maana yake ni kwamba hakuna uvumbuzi wowote katika chombo hicho? Sivyo. Hapa haki yadai kutazama kwa makini, wala si kuhukumu kwa pupa. Kutia betri tu ni jambo la kila fundi. Lakini betri ile ikiisha nguvu pini zikiwa zimeingia nusu, na kisu kikiwa katikati ya utumbo wa mtu, itakuwaje? Chombo kimeuma nyama wala hakiachii. Aliyefikiri jinsi ya kuweka mkono wa akiba, ili mganga akirudishe kisu nyuma bila umeme, huyo ameongeza kitu. Nyama ikiwa nene kupita kiasi, mota isiyo na huruma itaendelea kusukuma mpaka iichane. Mkono wa mganga ungalisikia na kusimama. Aliyefundisha mota kusikia na kusimama, huenda ameongeza kitu kikubwa. Tena, vyombo vya upasuaji huchemshwa kwa mvuke mkali ili viwe safi, na joto hilo huharibu betri nyingi. Aliyepata njia ya kuiingiza betri bila kuuchafua mpini ulio safi, huyo naye alikuta fundo na kulifungua.

Hapo ndipo mkatekumeni apate kuona kanuni: Mvumbuzi anastahili pete kwa fundo alilolifungua, wala si kwa kamba nzima iliyosokotwa na wengine. Akidai kidogo kuliko alichofanya, amejidhulumu. Akidai zaidi, amewadhulumu waliomtangulia na watakaomfuata.

Amri ya saba hapa hushikana mikono na amri ya nane. Sheria ya Marekani humtaka mwombaji wa hataza aape kwamba yeye ni mvumbuzi wa kweli, na aifunulie ofisi mambo ya zamani ayajuayo ambayo yaweza kuonyesha kwamba wazo lake si jipya. Anayejua kwamba mwingine alitangulia, naye akanyamaza ili apewe, amesema uongo kwa kinywa kilichofungwa.

Vilevile ndivyo anavyokosa yule anayemficha msaidizi wake. Mwaka 1998 mahakama ya Marekani iliamua shauri juu ya chombo kingine cha upasuaji, kile cha kutobolea tumbo ili kuingiza vyombo vyembamba. Daktari mmoja alikuwa amepata hataza kwa jina lake peke yake. Lakini fundi mmoja wa umeme alifanya kazi pamoja naye muda wa miezi ipatayo 18 bila malipo, na hataza iliombwa yeye asijue. Mahakama ikaona kwamba baadhi ya mambo yaliyoandikwa mle yalitoka katika akili ya fundi yule, ikamhesabu kuwa mvumbuzi pamoja na daktari. Haki ilikawia, lakini ilifika.

Chombo ni chake, mkono si wake

Sasa lipo jambo la tatu, nalo ni zito kupita yote. Tuseme mvumbuzi amefungua fundo kweli, na hataza yake ni ya haki. Je, haki hiyo yafika mpaka wapi?

Katika Marekani daktari mmoja wa macho alipata mwaka 1992 hataza juu ya njia ya kulipasua jicho, si juu ya chombo, bali juu ya namna ya kukata ili kidonda kifunge bila kushonwa. Kisha akamshtaki daktari mwenziwe aliyepasua kwa namna hiyo. Waganga wengi waliona vibaya sana: mganga anaposimama mbele ya mgonjwa, je, aanze kuwaza ni nani mwenye kuumiliki mkato wa mkono wake? Mwaka 1996 shauri lile lilikwisha bila daktari yule kupata alichotaka, na mwaka uleule Bunge la Marekani likaweka sheria kwamba mganga anayetumia njia ya upasuaji asidaiwe malipo kwa ajili ya njia hiyo. Chombo chenyewe kikabaki chini ya ulinzi. Nchi za Ulaya, katika mapatano yao juu ya hataza, nazo hukataa kutoa hataza kwa njia za kupasua mwili wa mtu, ingawa hutoa kwa vyombo.

Mpaka huo una hekima. Kibanio ni kitu cha chuma. Kilitengenezwa kiwandani, na mtengenezaji aweza kudai ujira wake dukani. Lakini mkono wa mganga unaookoa ni tendo la rehema, na rehema haiwekewi uzio. Mvumbuzi ana haki juu ya kazi yake. Hana haki juu ya mgonjwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ni halali mtu kuwa na mali yake na kuitunza, lakini katika kuitumia yampasa awe tayari kuwashirikisha wenye shida, kwa kuwa Mungu aliviumba vitu kwa ajili ya watu wote. Papa Paulo VI alilikariri fundisho hilo katika Populorum Progressio, mwaka 1967. Na Papa Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate ya mwaka 2009, aliwalaumu wale wa nchi tajiri wanaozishika haki za maarifa kwa ukali kupita kiasi, hasa katika mambo ya afya. Mapapa hao hawakusema kwamba mvumbuzi asilipwe. Walisema kwamba ujira wake usigeuke kuwa ukuta kati ya mgonjwa na dawa.

Mataifa yamelikiri hilo katika mapatano yao. Mapatano ya mwaka 1994 juu ya biashara na haki za maarifa yaliacha mlango: serikali, kwa masharti maalum, yaweza kuruhusu mwingine atengeneze kitu chenye hataza bila idhini ya mwenyewe, mradi mwenyewe alipwe malipo yanayofaa. Mwaka 2001, katika mkutano wa Doha, mataifa yalisema wazi kwamba mapatano hayo yasizizuie serikali kulinda afya ya watu wao. Hapo haki mbili hukutana: mgonjwa apata chombo, na mvumbuzi hakosi ujira.

Pingamizi moja na jibu lake

Mtu aweza kusema: “Maneno haya ni ya mbali. Katika hospitali ya misioni hakuna kibanio chenye betri, wala hapana mtu aliyekizuia kwa hataza.” Asema kweli kwa sehemu. Mara nyingi kinachokosekana si ruhusa. Kikasha cha pini hutumiwa mara moja tu na kutupwa, na kila kikasha kina bei. Chombo kisicho na fundi wa kukitengeneza hufa mapema. Na mpasuaji mwenye sindano, uzi na mikono iliyofunzwa vema bado ni baraka kubwa. Mgonjwa anayeshonwa naye asidhani kwamba amepewa takataka.

Lakini jibu kamili ni hili: mtu hujifunza haki kwa mambo makubwa ili aitende katika mambo madogo. Kijijini nako kuna hataza zisizoandikwa. Yuko kijana aliyefundishwa ufundi na mzee, kisha akatoka na kusema kwamba alijifunza peke yake. Yuko seremala anayepokea sifa na fedha za mlango mzuri, na mwanafunzi aliyeuchonga hapewi hata neno la shukrani. Yuko anayejua mizizi ya kutuliza tumbo la mtoto, naye humwacha mama alie mpaka alete mbuzi. Na yuko mlaji wa bure, anayemwita fundi usiku na mchana, kisha husema: “Kwani umepoteza nini? Ni maneno tu.” Wote wanne wamesimama mbele ya amri ileile.

Mfano wa Bwana

Injili ya Mtakatifu Luka yasimulia habari za Msamaria mwema. Watu hupenda kukumbuka mafuta na divai aliyomimina juu ya majeraha. Ni wachache wanaomkumbuka mwenye nyumba ya wageni. Msamaria hakumwambia: “Mtunze bure, kwa kuwa ni mgonjwa.” Alitoa dinari mbili, akaahidi kulipa kilichozidi atakaporudi. Aliiheshimu kazi ya yule mtu. Lakini mwenye nyumba naye hakumweka majeruhi mlangoni mpaka hesabu iishe. Alimpokea kwanza. Dinari mbili zilikuwa mkononi, na nyingine zilikuwa ahadi tu. Majeruhi alikuwa tayari kitandani.

Hivyo ndivyo haki na mapendo hutembea katika njia moja. Jamii imlipe mvumbuzi, naye apokee kilicho chake kwa muda uliowekwa, pasipo kujitwalia cha waliomtangulia. Muda ukiisha, auachie moto uende nyumba kwa nyumba. Na wakati wote huo, majeruhi asilale njiani.

Hataza, basi, yafanana na ujira kuliko shamba. Shamba mtu humrithisha mwanawe, na mwanawe humrithisha mjukuu. Ujira hulipwa kwa kazi iliyofanywa, kwa kipimo cha kazi hiyo, na ukishalipwa deni limekwisha. Anayekumbuka hivyo hatamwibia mvumbuzi, wala hatamwacha mvumbuzi awaibie wengine.

Maswali ya kushika

Swali: Je, kuiga kazi ya mvumbuzi bila ruhusa ni wizi?
Jibu: Ndiyo, pale sheria ya haki inapoilinda kazi hiyo, kwa maana ni kumnyima mtenda kazi ujira wake.

Swali: Je, anayetia betri katika chombo cha zamani amevumbua?
Jibu: Si kwa kutia betri tu. Amevumbua ikiwa amelifungua fundo ambalo fundi wa kawaida asingelifungua kwa urahisi.

Swali: Je, mvumbuzi ana haki juu ya njia ya mganga ya kumponya mgonjwa?
Jibu: Chombo chaweza kuwa chake kwa muda. Tendo la kuponya lisifungwe, kwa kuwa mgonjwa ni wa Mungu.

Swali: Mkatekumeni afanye nini juma hili?
Jibu: Akumbuke ni nani aliyemfundisha kazi aijuayo, amtaje kwa shukrani mbele ya watu, na ikiwa bado ana deni lake, amlipe kabla ya Dominika.